Bega la Fundi Sindano

Walimwita Sindano, na si kwa sababu alikuwa fundi wa nguo. Mafundi wa nguo wako wengi na hakuna anayewaita hivyo. Jina hilo alilipata kwa ajili ya ulimi. Mteja akija na tumbo lililoongezeka tangu vipimo vya mwaka jana, Sindano alizungusha futi yake, akaisoma namba kwa sauti ili majirani nao wafaidike, kisha akauliza kama kitambaa kitatosha au wakaazime pazia. Watu walicheka, maana suti yenyewe ikishakamilika ilikaa mwilini ikatulia, na mtu akipendeza husamehe mengi. Kwa miaka thelathini na moja aliwapa mabega watu ambao Mungu aliwanyima. Pamba kidogo hapa, bitana pale, na karani mwenye mabega ya chupa anatoka dukani akitembea kama waziri.

Kisha kiharusi kikampiga, asubuhi moja, akiwa amesimama mezani na mkasi mkononi. Kilichukua mguu wa kushoto, kikachukua mkono wa kushoto, kikauacha ulimi kama ulivyokuwa. Wako jamaa waliomtembelea hospitalini wakatoka wakisema kwamba kiharusi hicho hakikuwa makini na kazi yake.

Alirudi nyumbani baada ya wiki tatu na vidonge vya presha, mkongojo wa miguu minne na karatasi ya kurudi kliniki baada ya miezi mitano. Mguu ulianza kurudi taratibu, kwa kuburuta. Mkono haukurudi. Ulining'inia ubavuni, mzito, hauna habari na mtu, na wiki chache baadaye bega lake likaanza kuuma.

Sasa hapa ndipo Sindano alipokuwa na malalamiko ya haki. Mkono uliokataa kushika hata kijiko, uliokataa kuinua hata kidole, ulikuwa umekubali kazi moja tu, nayo ni kuuma. Uliuma akigeuka kitandani, uliuma akipiga chafya, uliuma mtu akikaa kwenye kochi lile lile bila taarifa. "Ungekuwa kibarua wangu," aliuambia mbele ya wageni, "ningekufukuza siku ya kwanza." Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mapacha ingawa mapacha wenyewe walishaoa na kuhamia mbali, alivumilia mwezi mzima kisha akahamia chumba cha watoto. Si kwa hasira. Kila alipojigeuza usingizini, mumewe alipiga ukelele, na yeye alikuwa na kazi ya kwenda asubuhi.

Kazi hiyo ilikuwa duka lao. Tangu walipolifungua, mume alikata na mke alishona. Hakuna siku mkasi wa kukatia uliwahi kuwekwa mkononi mwa Mama Mapacha. Ungedhani ni bunduki. Kwa hiyo sasa alifungua mlango kila siku akakaa kwenye cherehani akipandisha mapindo na kubadilisha zipu, na wateja wa suti wakija waliangalia meza tupu, wakatoa pole, wakaenda na vitambaa vyao kwa fundi mwingine. Alimsihi mumewe aje tu akae pale. Jicho analo, mdomo anao, Mungu ashukuriwe au vinginevyo. Yeye aelekeze, mke akate.

"Nitakuja siku nitakayovaa shati," alijibu Sindano. "Sitakaa mbele ya wateja na shuka mabegani kama mtu aliyekatikiwa na maji bafuni."

Na shati ndilo lililokuwa haliwezekani. Ili mkono uingie kwenye shati lazima uachane na ubavu, na mkono ule ukitengana na ubavu kwa upana wa kiganja tu, fundi aliona nyota. Walijaribu mara nne. Mara ya nne alimtukana mkewe, naye akalikunja shati akalirudisha kabatini. Basi mtu aliyevisha nusu ya mtaa akawa anashinda sebuleni kifua wazi, na biashara ya maisha yake ikisubiri bega moja lifanye uamuzi.

Msaada ulikuja, kama kawaida, bila kuitwa. Ulikuja katika umbo la shemeji yake, kaka wa Mama Mapacha, mwalimu mstaafu wa michezo ambaye kila mtu alimwita Kocha. Timu yake ya shule ilishinda mechi moja katika miaka kumi na moja, siku ambayo gari la wapinzani liliharibika njiani. Rekodi hiyo haikumpunguzia ujasiri hata kidogo.

"Shemeji, hapa tatizo ni uvivu wa misuli," Kocha alitangaza kabla hajavua viatu, begi lake la kuja kukaa likiwa bado mkononi. "Niachie wiki sita."

Asubuhi iliyofuata alimsimamisha mgonjwa kutoka kitandani kwa njia aliyoiona ya kiume, yaani alishika mikono yote miwili akavuta kama mtu anayeng'oa kisiki. Sindano alisimama, hilo hatuwezi kukataa. Alisimama akilia. Mchana Kocha akaja na kapi, lile gurudumu la kuvutia ndoo kisimani, akalifunga kwenye boriti ya sebule. Kamba ikapita juu, ncha moja ikafungwa kwenye kiganja kilicholala, nyingine ikapewa mkono mzima. Mzima ukivuta chini, mgonjwa unapanda hadi darini. Mara hamsini asubuhi, mara hamsini jioni.

"Mchumia juani hulia kivulini, shemeji!"

"Mimi nachumia hapa kwenye kapi, na nalia hapa hapa. Hicho kivuli chako kiko wapi?"

Siku ya pili jirani aligonga mlango kuuliza ni nani anapigwa. Siku ya tisa bega lilivimba. Kocha alisema uvimbe ni dalili ya misuli kuamka, na Sindano akasema kama kuamka kwenyewe ndiko huku, basi ilale tu, haikuwa inamsumbua mtu. Wiki ya tatu aliinua mkongojo wake wa miguu minne na kuulekeza kwenye goti la shemeji yake, na mazungumzo kuhusu kapi yakaishia hapo. Kapi lenyewe likabaki limening'inia sebuleni, maana Kocha alikataa kulifungua. Alisema siku moja familia hii itamwomba msamaha.

Sindano alikuwa na wazo lake mwenyewe, tena la kitaalamu. Alikuwa amejitazama kwenye kioo cha kabati, si kwa jicho la mgonjwa bali la fundi, akaona wazi kwamba bega la kushoto limeshuka kuliko la kulia, na chini ya ncha ya mfupa kuna kishimo. Mabega yaliyoshuka ndiyo yaliyomlisha miaka yote. Bega likishuka, unalipandisha. Hata mwanafunzi wa wiki moja anajua. Akamwita mkewe, akachora kwa chaki kwenye mgongo wa kalenda, akaamuru kishonwe kibebeo. Si yale matambara ya pembe tatu ya hospitali. Turubai jepesi kwa nje, bitana ya suti kwa ndani, mshono wa mara mbili, mkanda mpana wa shingoni, vifungo vinne vya kukaza. Mkono ulikunjwa, ukabanwa kifuani, ukafungwa hadi kifungo cha mwisho. Na maumivu yakapungua siku ile ile.

Hebu fikiria furaha yake. Alikionyesha kibebeo kwa kila mgeni kama vile watu wanavyoonyesha picha za wajukuu. Alikivaa mchana, alikivaa usiku, alikula nacho, alisinzia nacho. Kilivuliwa wakati wa kuoga tu, kwa dakika chache na kelele nyingi, kisha kikafungwa tena. Kila Kocha alipopita sebuleni aliulizwa kama gurudumu lake la kisima limeshapata ndoo. Siku sabini zilipita hivyo. Hakuna aliyegundua, au aliyegundua hakusema, kwamba zile dakika za kuoga zilikuwa zinazidi kuwa ngumu, kwamba mkono ulikuwa hautoki tena kifuani hata ukifunguliwa, na kwamba shati lilikuwa mbali kuliko siku lilipokunjwa.

Siku ya kliniki walikwenda watatu. Chumba kilikuwa na kitanda kirefu, kioo cha ukutani, mito ya kila saizi na picha kubwa ya mifupa iliyobanduka pembe moja. Mtaalamu wa viungo alikuwa binti mdogo kuliko mapacha. Sindano alimtazama akauliza kama mama yake yupo.

"Mama yangu anauza mkaa, baba. Ukitaka mkaa nitakupeleka. Ukitaka bega, vua hicho."

Mama Mapacha alisema baadaye kwamba alimpenda binti yule kuanzia hapo.

Binti alifungua vifungo vinne kimoja kimoja, akauweka mkono juu ya mto, akakaa upande wa kushoto na kuanza kupapasa. Aliingiza kidole kwenye kile kishimo chini ya mfupa, kikaingia hadi kiungo cha kwanza. Akaweka kiganja mgongoni, juu ya bapa la bega, akalisukuma polepole; halikusogea. Akajaribu kuugeuza mkono nje. Sindano alitoa sauti ambayo hadi foleni ya nje ilinyamaza.

"Nani anamwinua kitandani?"

"Mimi," alisema Kocha akijitokeza mbele. "Namshika mikono, navuta. Na nilimfungia kapi, mara hamsini kwa—"

"Kapi?"

Akamweleza. Binti alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole uliouma kuliko kofi kwamba bega la binadamu halikutengenezwa kama bawaba ya mlango. Linashikiliwa na misuli. Misuli ikipooza, mkono mzima unabaki umening'inia kwenye ngozi na kano, na kila anayeuvuta anazichana hizo kano kidogo kidogo. Ukiupandisha juu kwa kamba wakati bapa la nyuma halitembei, unasaga nyama kati ya mifupa. "Mzee, ulikuwa unamsaga shemeji yako. Mara mia kwa siku."

Kocha aliinamisha kichwa. Sindano, kwa upande wake, hakuwa amefurahi hivyo tangu augue.

"Nilisema! Si nilisema? Semeni, nilisema au sikusema? Ndiyo maana nikaamua kulishughulikia mwenyewe, kifundi."

"Kwa hiki?" Binti alikichukua kibebeo, akakigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono. "Umekishona vizuri sana."

"Mshono wa mara mbili."

"Naona. Na ulikivaa muda gani?"

"Siku sabini, usiku na mchana. Sikukivua hata kwa mgeni."

Binti alikiweka mezani. "Baba, kapi lilikuumiza wiki tatu. Hiki kimekuumiza siku sabini. Kingekufaa wakati wa kusimama na kutembea tu, ili mkono usining'inie. Ukikaa, unakivua, mkono unapumzika kwenye mto, unasogezwa. Wewe umeufunga kifuani hadi bega limeganda. Linauma sasa kwa sababu limeganda, na umelifunga mwenyewe."

Kocha akainua kichwa chake taratibu, na uso wake ulikuwa unang'aa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Mama Mapacha. Hakusema kwa ubaya. Lakini alisema.

Sindano alitazama ile picha ya mifupa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Likiyeyuka, mkono utakata nguo?"

"Sidhani, baba. Vidole sijaona dalili. Sitaki kukudanganya."

"Basi nateseka ili iweje?"

"Ili usiteseke. Ili uvae, uoge, ulale, mtu akuguse bila wewe kupiga kelele. Tukianza leo, wiki sita au nane tutaona tofauti. Ukirudi na hicho kifuani, litakaa hivyo."

Alilia. Hatutamfichia, alilia mbele ya binti wa muuza mkaa, mbele ya mkewe na mbele ya Kocha, ambaye alikuwa mtu wa mwisho duniani aliyetaka amwone. Ule mkono alikuwa akiutukana miezi mitano na nusu kwa sababu aliamini ni mtoro tu, na mtoro hurudi. Sasa alikuwa ameambiwa haurudi. Kocha ndiye aliyempa leso.

Kazi iliyoanza nyumbani haikuwa ya kusisimua, na hilo lilimkera kila mtu. Kidonge cha maumivu nusu saa kabla. Akiwa amekaa, mkono ukae mbele, kwenye meza yenye mto, usiachwe ukaanguka pembeni ya kiti. Kitandani alalie ubavu mgonjwa, bega likiwa limevutwa mbele kidogo kwa kushika bapa la mgongoni, kamwe si kwa kuvuta mkono. Na zoezi kubwa, lile alilolitarajia kwa hofu, lilikuwa kuweka taulo mezani, mkono mzima juu ya mgonjwa, na kulisukuma taulo mbele na kulirudisha, polepole, likiishia pale maumivu yanapoanza.

"Hii ndiyo tiba?" Sindano aliuliza. "Nimesomea miaka thelathini bila kujua. Kumbe kutandaza kitambaa mezani ni udaktari."

Lakini alitandaza. Siku ya kwanza taulo lilisogea kwa upana wa vidole vitatu. Alipima, bila shaka, futi alikuwa nayo. Wiki ya pili likafika shibiri moja. Ya tatu alipiga chafya akasubiri adhabu, haikuja, akapiga nyingine ya makusudi kuhakikisha.

Aliyebadilika kuliko wote ni Kocha. Hakuna mlokole kama mlevi aliyeokoka. Alipanda ngazi akalifungua kapi mwenyewe. Alijifunza kumsimamisha shemeji yake kwa kumshika mkanda wa kiunoni huku mgonjwa akiinamia mbele, akaandika HAKUNA KUVUTA kwa herufi kubwa na kubandika mlangoni. Mjomba mmoja alipofika kutoka safari na kuudaka ule mkono wa kushoto ili amsalimu kwa nguvu zote za mapenzi, Kocha alipuliza filimbi. Ndiyo, alikuwa nayo mfukoni. Mjomba aliketishwa akafundishwa mifupa kwa dakika ishirini kabla ya kupewa chai.

"Shemeji," Sindano alimwambia jioni hiyo, "ungewafundisha mpira hivi, mngeshinda mechi mbili."

Maumivu hayakuisha. Kulikuwa na siku taulo lilirudi nyuma, na siku alizolirusha taulo lenyewe ukutani na kuapa kwamba afadhali shuka hadi kaburini. Mama Mapacha aliliokota, akalikunjua tena mezani, akaenda dukani kubadilisha zipu za watu.

Wiki ya saba, Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, alikuja chumbani na shati jeupe la mikono mipana. Binti wa kliniki alikuwa amemfundisha mpango wake: mkono mgonjwa huingia wa kwanza na hutoka wa mwisho. Sindano alikuwa amekasirika kidogo kuambiwa hivyo, kwa kuwa maisha yake yote aliwavisha watu makoti kuanzia kulia na hakuna aliyemuuliza. Mkewe alikaa kitandani upande wa kushoto. Aliukusanya mkono wa shati kama soksi, akaupitisha kwenye vidole, kiwiko, akiwa ameushika mkono wa mumewe kwa chini, akapanda nao taratibu hadi begani. Sindano alikuwa amefumba macho na kuuma meno. Maumivu yalikuja, yakachungulia, yakaenda. Shati likazunguka mgongoni. Mkono wa kulia ukaingia wenyewe. Mama Mapacha akafunga vifungo kuanzia chini, akatengeneza kola.

"Asante, Mama Mapacha," alisema Sindano. "Nimekutesa sana."

Mkewe aliganda. Akasubiri kiishio, kile kichomo cha mwisho ambacho siku zote kilikuja nyuma ya neno jema. Hakikuja. Akamshika mashavu kwa mikono miwili akamgeuzia dirishani.

"Cheka nione! Baba Mapacha, cheka! Kocha! Kocha, njoo haraka, kimempiga tena!"

Kocha aliingia mbio na povu la dawa ya meno mdomoni. "Mdomo umepinda?"

"Sijui! Ameniambia asante!"

"Yesu wangu. Shemeji, taja jina la mtaa huu. Hesabu mpaka kumi."

"Sina kitu," alisema Sindano. "Nimesema asante tu."

"Ndiyo hiyo tunayoisema!"

Walimkagua. Mdomo ulikuwa ulivyokuwa, macho yalikuwa yaleyale, na mkono wa kulia ulipanda ulipoagizwa. Kocha alirudi kwenye mswaki wake akinung'unika kwamba mtu asiwatishe wenzake namna hiyo na presha zao. Mama Mapacha alibaki amekaa pale pale, upande wa kushoto, anapumua kama aliyepandisha ngazi. Miezi mitano hakuwa amekaa hapo. Mkono wake ulikuwa umeangukia juu ya mkono wa mumewe, ndani ya shati, na mumewe hakuwa amepiga kelele wala kuuondoa.

"Rudia," alisema.

"Duka litachelewa."

"Lichelewe. Rudia ulichosema."

Akarudia yote mawili, asante na lile la kumtesa, bila kuongeza neno. Siku hiyo duka lilifunguliwa saa nne.